Ng'ombe Niliowakataa

Shinyanga,
Jumamosi alasiri, Agosti 1955

Mwanangu Kabula,

Naandika sasa hivi wakati uko kwa jirani unasukwa nywele, na mwanao Milembe amelala. Kesho kituoni sitaweza kusema kitu. Blanketi, chakula cha njiani, mahali pa kuficha fedha, hayo mama yako amekwisha kukuambia mara nyingi kuliko ulivyotaka kusikia. Mimi nataka kukueleza yaliyotokea wiki hii. Wewe umeona nusu yake tu, na ile nusu nyingine bado inanitetemesha. Leo asubuhi mama yako aliniondolea kopo la sukari mkononi. Nilikuwa natia sukari kwenye kikombe ambacho chai yake nilikwisha kuinywa.

Mwanangu, ulibakiza kidogo tu usafiri na karatasi ambayo ingekurudisha nyumbani kwa aibu na kukufungia njia ya kwenda kwa mumeo. Karatasi hiyo hukuichagua wewe, wala si Luhende. Niliichagua mimi, baada ya kufikiri sana.

Unakumbuka barua ya Luhende ya mwezi wa Februari. Alisema mgodi wa shaba kule Rhodesia umempa nyumba ya wenye ndoa, vyumba viwili na jiko la nje, lakini mkewe asipoonekana kabla ya mvua za kwanza, nyumba atapewa mwingine, naye atarudishwa bwenini kwa makapera. Uliisoma ukicheka, ukaanza kupanga kitanda kitakaa wapi. Mimi niliisoma kama karani. Nilichukua kitabu changu cha kumbukumbu, nikaandika tarehe, nikaanza kuuliza kila mtu aliyewahi kukanyaga Rhodesia: madereva wa malori, mafundi niliofanya nao kazi Geita, hata yule muuza samaki wa Kigoma. Mwezi wa Machi nilikuwa nimejua kwamba mwanamke wa huku anaweza kuingia kule kwa njia tatu.

Ya kwanza ni kwenda kwa kazi yako mwenyewe. Wewe umefanya kazi katika chumba cha wazazi pale hospitali ya mgodi wa Geita, na mkono wako unajulikana, lakini cheti huna, na bila cheti hakuna hospitali ya ugenini itakayokuandikia barua. Nikaifuta hiyo.

Ya pili ni kwenda kama mke. Hapo panatakiwa barua ya mgodi kwamba nyumba ipo, nayo tulikuwa nayo, na barua ya baraza la Mtemi kwamba wewe na Luhende ni mke na mume. Nikaogopa baraza. Wazee wanaahirisha, karani anaugua, Mtemi ana safari, na mvua hazingojei.

Ya tatu ni kibali cha mgeni. Barua ya mwenyeji, nauli ya kurudi, mhuri wa boma, basi. Nikajiambia: aingie kwanza kama mgeni, na akishafika, Luhende atambadilishia huko huko. Nikaweka alama pembeni ya njia ya tatu. Nilijiona mwerevu sana. Hata mama yako aliponiuliza kwa nini binti aitwe mgeni nyumbani kwa mumewe, nilimjibu kwamba hayo ni maneno ya karatasi tu.

Sasa nikueleze habari ya Bwana Pazi.

Bwana Pazi ni karani wa pasi pale boma, Mzaramo wa pwani, mtani wetu. Mara ya kwanza nilipokwenda kuuliza, hakuniacha hata nikae.

"Umekuja, mtumwa wangu? Nani kakupa ruhusa ya kutoka shambani kwangu?"

"Nimekuja kuona kama Wazaramo wamekwisha kuamka," nikamwambia. "Kwenu ngoma ikilia, kazi inalala."

"Na ninyi mkiona michembe, viazi vyenu vikavu, mnasahau mlikozaliwa. Haya, sema shida yako, kisha urudi ukalime."

Nikamweleza. Akauliza mlioana wapi. Nikasema palepale Geita, kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa karamu, maana mchungaji alikataa kuwafungisha kwa kuwa Luhende hakuwa amebatizwa.

"Karamu nzuri. Mahari alitoa ng'ombe wangapi?"

"Sikuchukua ng'ombe. Simuuzi binti yangu."

Pazi akaweka kalamu mezani. "Hata mmoja? Msukuma hakuchukua hata ndama? Basi, bwana, binti yako hajaolewa. Kaazimwa tu! Nani atatoa pasi ya mke kwa mwanamke wa kuazima?"

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nilicheka kuwapita wote. Nikamjibu kwamba watu wanaooa kwa ngoma na nazi wasitufundishe habari za mahari. Nikatoka nimefurahi. Jioni nikaandika kitabuni: "Pazi leo amenichekesha sana." Niliandika nilivyocheka, na alichosema sikukiandika.

Mara ya pili, mwezi wa Mei, alinikuta sokoni akapaza sauti mbele ya watu: "Yule wa kuazima bado yuko kwako? Mwenye zizi hajaja kumdai?" Nikamwambia mwenye zizi ni mimi. "Hapo umesema kweli bila kujua," akasema, akaenda zake. Mara ya tatu alinipitia hapa nyumbani, Milembe akamkimbilia, akamwinua juu akasema, "Na huyu je, Msukuma? Huyu naye ni wa babu yake, kwenye pasi ataandikwa kwa jina la nani?" Mama yako alimletea maziwa. Tukacheka. Wewe ulikuwepo, ulicheka pia.

Jumatatu hii nilikwenda boma na karatasi za kibali cha mgeni, zimejazwa, hazina hata doa la wino. Nilimwekea Pazi mezani. Akazisoma, akazisoma tena. Hakuniita mtumwa. Akavuta kiti akasema, "Kaa."

"Leo umeugua?" nikamuuliza.

"Leo sikutanii. Baba Kabula, huyu binti anakwenda kumtembelea mtu au anakwenda kukaa na mumewe?"

"Kukaa na mumewe. Atabadilisha akifika."

"Habadilishi mtu akifika. Aliyeingia kama mgeni hutoka kama mgeni, miezi mitatu. Wakimkuta anapika katika nyumba ya mgodi, wanamrudisha mpakani, na jina lake linaandikwa. Akiomba tena, hata kwa njia ya haki, wanalikuta pale linamngoja. Na nyumba ya mumewe haitoki kwa mgeni, inatoka kwa mke. Mwezi uliopita mwanamke wa Kahama alikaa kwenye benchi hilo hapo, na mtoto, na masanduku yake, wamemrudisha. Baba yake alikuwa mwerevu kama wewe."

Nililitazama lile benchi, Kabula. Lilikuwa tupu, na mimi nilikuona wewe umekaa pale.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nimekuambia mara tatu."

"Nilidhani ni utani."

"Ulikuwa utani. Nani alikuambia utani hauna kweli ndani yake? Mimi hapa ni karani, sina ruhusa ya kumwambia mtu 'nenda huku, usiende kule.' Lakini mtani wangu nina ruhusa ya kumwambia lolote, hata msibani. Nilitumia mlango niliokuwa nao. Wewe Msukuma, nikikuambia kweli unacheka, nikikutania unakwenda kuandika kitabuni."

Nilitoka pale nikatembea hadi nyumbani, na nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba nilikwenda kwa baiskeli. Uliniuliza kama boma walikuwa wamefunga. Nikasema ndiyo. Hilo lilikuwa uongo, unisamehe. Nisingeweza kukuambia kitu ambacho mimi mwenyewe kilikuwa bado hakijaniingia.

Jumanne nikaenda barazani, peke yangu. Nilidhani kwamba neno la "kuazimwa" bado ni la Pazi tu, kwamba wazee watalisahihisha. Mzee aliyekuwa katikati akaniuliza ng'ombe wako wapi. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi hakuna mke." Alisema kama mtu anayesema hakuna mvua. Nikamwambia nilikataa kwa hiari yangu, sikutaka kumuuza mwanangu. Akasema hakuna aliyeniuliza nilitaka nini, ameuliza ng'ombe.

"Na mtoto?" nikasema. "Wana mtoto, wa kike, ametimiza miaka miwili."

"Mtoto ni wa zizi la mama yake. Ni wako wewe."

Nikangoja wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kucheka nao. Hawakucheka, wakaita shauri lililofuata.

Fikiri, mwanangu. Luhende kule chini ya ardhi anavunja mwamba, anaandika "mwanangu Milembe" katika kila barua. Na mimi hapa, kwa wema wangu, nilikuwa nimemnyang'anya mtoto na sikujua. Kama ungeniuliza siku ile ni nani Shinyanga nzima anayemtendea haki mkwewe, ningejitaja mwenyewe.

Jumatano nikaenda Samuye kwa baba yake Luhende. Unajua kwamba baba wa binti haendi mwenyewe kuulizia mahari. Hutuma mtu, mwenyewe akakaa kwake amekunja uso. Mimi sikuwa na siku za kutuma mtu. Nilimkuta Mzee Masanja anakata minyaa ya uzio. Tukaamkiana. Akaniletea kiti, yeye akabaki amesimama na panga lake, na mkewe hakutoka ndani. Nikaeleza yote, njia tatu, boma, baraza. Nilieleza kwa mpangilio mzuri. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza?" akasema.

"Nimemaliza, Baba Luhende."

"Mwaka ule uliponirudisha na ng'ombe wangu, nilipita nao porini. Kutoka kwako Geita hadi hapa, porini. Unajua kwa nini?"

Sikujua.

"Mtu akionekana anarudi na ng'ombe aliokwenda nao ukweni, watu husema nini? Husema mwanawe amekataliwa. Au ana maradhi. Au ukoo wao una uchawi. Mke wangu aliacha kwenda kisimani na wenzake. Mimi nilikuja kwako na ng'ombe wazuri kuliko wote niliowahi kuwa nao, nikiwa nimevaa koti la kuazima, na wewe ukaniambia mbele ya vijana wa mgodini, 'Simuuzi binti yangu.'" Hapo akachoma panga lake ardhini. "Baba Kabula, mimi nilikuja kununua mtu?"

Nikamuuliza, kwa unyonge tu, kwa nini hawakuja hata mara moja kumwona mjukuu wao.

"Ningemshika kama nani?" akasema.

Katika kitabu changu, mwaka Milembe alipozaliwa, niliandika: "Wazazi wa Luhende hawajafika. Hawana upendo." Niliandika kwa kalamu yangu nzuri. Nilipokuwa nimekaa kwenye kile kiti cha Mzee Masanja niliyakumbuka hayo neno kwa neno, na nilitamani ardhi ya Samuye inimeze na kiti chake.

Akang'oa panga lake, akasema ng'ombe wapo, si wote wa siku ile, maana ukame haukuwaacha, lakini wapo. "Nitawaleta kesho. Lakini hawatapita porini. Watapita barabara kuu, mchana, katikati ya soko. Na wewe ndiye utakayetangulia mbele yao."

Nikakubali. Nikalala Samuye, na alfajiri tukaanza safari.

Hiyo ndiyo Alhamisi uliyoiona. Uliona ng'ombe wanaingia uani, vumbi, Mzee Masanja anaimba nyuma, na baba yako mbele amevaa viatu vya ofisini vilivyokwisha kubadilika rangi. Uliniuliza nini hii, nikakujibu "mambo ya serikali," ukaniangalia kana kwamba nimepigwa na jua. Hukuona sokoni. Wanawake walipiga vigelegele. Kijana mmoja aliuliza kama karani amefilisika amekuwa mchunga ng'ombe. Na tulipopita boma, Pazi alitoka nje kibarazani, akapanda juu ya lile benchi, akapiga kelele, "Njooni mwone! Leo Msukuma kawa Msukuma! Mtumwa wangu ana mali!" Kisha akashuka akasema kwa sauti ndogo, "Yule mwenye madoa meupe ni wangu, kwa utani." Nikamwambia akimgusa nitamvunja mkono. Ndipo nilipocheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na Mzee Masanja akacheka pia, na tangu hapo tukatembea sambamba, si mmoja mbele na mwingine nyuma.

Jana barazani ulikuwepo mwenyewe. Wazee walipokuuliza kama unamkubali Luhende kuwa mumeo, ukawaambia, "Babu zangu, mnaniuliza leo? Huyu mtoto mnadhani nilimwokota mtoni?" Walicheka hadi yule wa katikati akafuta macho. Barua ikaandikwa. Leo asubuhi boma wakagonga mhuri, pasi ya mke, na mtoto ndani yake kwa jina la baba yake. Iko katika bahasha ya kaki chini ya nguo zako. Ukiulizwa mpakani unakwenda kufanya nini, sema kweli: nakwenda kukaa na mume wangu. Ni furaha kubwa, mwanangu, kuvuka mpaka huku ukisema kweli.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini niliwakataa ng'ombe wale, maana utakuwa unajiuliza. Hili sijamwambia mtu.

Unaujua mkono wa kushoto wa shangazi yako Ngolo, ule usionyooka. Tangu utoto tumekuambia alianguka kutoka kwenye mkokoteni. Hakuanguka. Alivunjwa na mumewe wa kwanza, kule upande wa Runzewe. Alikuja nyumbani kwa miguu, mkono ameufunga kwa kanga. Mimi nilikuwa likizo ya shule. Baba yangu alimtazama, akamwambia akae, mama akachemsha maji. Kesho yake wakaja watu wa mumewe, wakasema maneno yaliyo ya haki kwa desturi: mkitaka abaki, rudisheni ng'ombe. Na ng'ombe hawakuwepo. Walikuwa wamekwisha kuuzwa. Walikuwa ada yangu, na vitabu vyangu, na ile sare ya kaki niliyokuwa nimevaa nikisimama mlangoni kutazama. Ngolo akarudishwa na mkono haujapona. Hakulia. Alinipita pale mlangoni akaninyooshea kola.

Siku ile niliapa kwamba nikipata binti, sitachukua hata kwato moja. Nikakua na kiapo hicho, nikasoma, nikapata kazi, na sikurudi hata mara moja kukitazama. Nilikuwa na hakika nacho kama mtu alivyo na hakika na jina lake. Ndiyo maana Pazi aliposema hujaolewa sikumsikia. Mtu anaweza kunitania juu ya michembe, juu ya lafudhi yangu, juu ya Uzaramo wake na Usukuma wangu, lakini sikudhani mtu anaweza kugusa jambo ambalo mimi nimekwisha kulimaliza moyoni.

Alhamisi, ng'ombe walipokwisha kufungwa, Ngolo alitoka jikoni akaja kusimama karibu nami kwenye uzio. Alikuja tangu Jumapili kukuaga, unajua, na wiki nzima aliniona ninavyohangaika bila kuuliza. Nikamwambia, "Dada, nimevunja kiapo changu. Nilikataa kwa ajili yako, na leo nimepokea."

Akanigeukia. "Kwa ajili yangu? Nani kakutuma?"

"Niliona yaliyokupata."

"Uliona, Machibya, lakini hukuuliza. Ulidhani nilitaka baba asichukue ng'ombe? Nilitoka nyumbani na ng'ombe wengi kuliko msichana yeyote wa rika langu. Nilitembea kichwa juu. Mimi nilitaka asiwale tu. Wakae zizini, wazae, ili nikirudi waniwekee mlango wazi." Kisha akanipiga kofi la bega kwa ule mkono wake mzima. "Shule yote ile! Ungeniuliza ningekuambia bure."

Miaka yote hiyo nimekwenda kwake, nimekula chakula chake, nimemwonea huruma. Kumuuliza sikumuuliza hata siku moja. Nilijibu kwa niaba yake, kisha nikajibu kwa niaba yako, kisha kwa niaba ya Mzee Masanja, wote watatu bila kumuuliza yeyote, na kila jibu niliona ni wema. Kabula, wewe umerithi kichwa changu, wanasema wote. Basi kuwa mwangalifu nacho. Huko uendako utakuwa na majirani wa makabila usiyoyajua, wana desturi zao na vichekesho vyao. Mtu akikuambia jambo kwa kicheko, cheka naye, usimharibie. Lakini ukifika nyumbani lirudie peke yako, bila kicheko, ulisikie linasema nini.

Na jambo moja la pasi, nisikufiche. Jina lako limeandikwa chini ya jina la Luhende. Pazi amenieleza waziwazi, safari hii bila utani: akiacha kazi, au akifa, au mkiachana, pasi yako nayo imekwisha. Hiyo ndiyo njia tuliyoipata kwa haraka, na ni ya haki, lakini ni nyembamba. Ukishatulia, nenda hospitali ya mgodi, uliza wanavyofundisha wakunga, omba uandikwe, hata kama utaanza kwa kufua mashuka. Ile njia ya kwanza niliyoifuta mwezi wa Machi, mimi niliifuta katika kitabu changu tu. Kwako haijafutwa. Simshuku Luhende. Alinisalimia vizuri siku niliyomrudisha baba yake na ng'ombe wake, na leo ndiyo naelewa ilimgharimu nini kunisalimia hivyo.

La mwisho ni zito. Kwa kupokea ng'ombe, Milembe sasa ni wa ukoo wa baba yake. Hilo ndilo tulilolipia, ili aandikwe na kupita mpakani na wewe. Mkiachana, wazee watasema mtoto abaki upande ule. Nimekaa na jambo hili tangu jana na sijapata njia ya kulizunguka. Ningekuambia kwamba desturi ni mbaya, lakini wiki hii nimejifunza kutokuwa na haraka ya kusema hivyo. Nakuambia tu ulijue, ulichukue nawe ukiwa unalijua.

Ng'ombe wako zizini. Ngolo na mama yako wamekwisha kugombania nani atakamua. Maziwa tutakunywa. Wenyewe hatutawauza, hatutawachinja, hata kwa ada ya wadogo zako, hata kwa msiba wangu. Nimemwambia mama yako, nimemwambia Ngolo, na Mzee Masanja naye nimemwambia, akanitazama sana, kisha akasema, "Sasa tunasikilizana."

Kama utaishi vizuri na mumeo, na naamini hivyo, watazaana hapa hadi uzio ushindwe, na watu watanicheka kwamba nafuga nisichokula. Lakini kama siku moja mkono wa mtu utainuka juu yako, usiandike kwanza kuniuliza kama inafaa. Usikae ukifikiri tumekula nini na tumeuza nini. Panda lori, panda meli, panda treni, shuka Shinyanga. Utaniamkia, nitakuitikia, utakula, utalala usingizi wako wote. Na mimi nitakwenda kufungua zizi.

Baba yako anayekupenda,
Elias Machibya